Hatibu Ameomba Peasi

Mama, shikamoo. Huku Lushoto baridi kali, lakini mimi nina furaha! Daktari alicheka nilipomwambia mwanangu Hatibu haongei kwa sababu nilikula udongo nikiwa mjamzito. Akauliza, "Na pacha wake Zaina je? Si walikuwa tumbo moja?" Akasema wavulana huchelewa kuongea mara nyingi kuliko wasichana, na tofauti nyingine huanzia tumboni. Si kosa langu, mama! Ila amesema Zaina asiwe anamjibia.

Sokoni muuza mapeasi akauliza, "Hatibu, baba, unataka?" Nikamziba Zaina mdomo, tukangoja. Mara Hatibu, "Nipe!" Nikalia palepale. Zaina kanuna, eti tumemnyang'anya kazi. Mungu akutunze, mama, uje umsikie mjukuu wako.

Mwanao Mariamu