Amplifaya ya Baba Mkwe

Nimejifungia chooni kwa baba mkwe. Usipige simu, andika tu.

Ni ile amplifaya ya mtumba mzee aliyoiona mtandaoni. Mimi ndiye niliyemtaka muuzaji aipime kwenye mizani, eti feki huwa nyepesi. Ikatoka kilo kumi na nane. Nikamwambia mzee, "Baba, uzito haudanganyi, nunua."

Imefika leo. Nikafungua kifuniko nifute vumbi. Ndani kuna tofali la saruji.

Tofali, ndugu yangu. Limegandishwa kwa gundi. Nimerudisha skrubu zote kimyakimya.

Mdomo umeniponza. Mzee ana wageni sebuleni, namsikia anawaambia, "Huyu mkwe wangu haibiwi."

Anagonga mlango sasa hivi. "Mwanangu, ukimaliza njoo na bisibisi. Wageni wanataka kuona ndani."