Leo Sionji

Mama,

Shikamoo. Najua waliolala hawaitikii, lakini wewe ndiye uliyenifinya kila nilipoanza habari kabla ya salamu, basi nimeanza na salamu. Ukitaka kuitikia, itikia huko huko, mimi nitajua.

Mtambo wa pombe nimeuzima. Pipa nimelitoboa kwa shoka, na lile bomba la shaba nimempa fundi baiskeli wa Karatu akatengenezee anachotaka. Najua hapo umeshtuka. Kaa chini kwanza, mama, nikueleze. Nitaeleza hata yale unayoyajua vizuri kuliko mimi, kwa sababu barua hii nitampa mjukuu wako Rehema aisome akikua, asije akasimuliwa na watu wa bomba la maji.

Rehema, bibi yako alikuja kutoka Singida kuchuma kahawa, akapandishwa kuwa mpishi wa mwenye shamba. Huyo alikuwa Mzungu mzee anayevaa koti zito hata jua la saa sita, wakamwita Bwana Koti. Nyuma ya jiko alipanda vichaka vya majani ya kijivu akavilinda kama watoto. Siku moja bibi yako akasugua jani, akanusa, akacheka: kumbe ni pakanga! Ndugu wa pakanga ile ile tunayochemsha kwa ajili ya homa na minyoo. Bwana Koti akamwambia kwamba kwao wanaipikia pombe, inaitwa absenti, na serikali ya kwao iliipiga marufuku zamani, wazee wake wakawa wanaipika kwa kujificha milimani. Akamfundisha. Ndizi za Mto wa Mbu zinachachuliwa, zinapikwa, kisha ile pombe ya moshi inayodondoka inalowekwa pakanga na mbegu za shamari na kupikwa tena. Inatoka kali. Ukiirudishia majani kidogo inakuwa kijani. Ukitia maji ya baridi inageuka nyeupe mbele ya macho yako, na wachumaji wakaipa jina la kile kinachoshuka kila asubuhi kutoka msitu wa Ngorongoro na kufunika mibuni. Ukungu.

Shamba lilipochukuliwa na shirika, Bwana Koti akaondoka na masanduku yake. Wewe, mama, alikuachia bomba la shaba. Baba alishakwenda Singida kusalimia na salamu hazijaisha mpaka leo. Ulikuwa na mimi mgongoni na chumba kimoja katika nyumba za vibarua. Ukapika.

Nikikumbuka wateja wako nacheka hata sasa, na kucheka siku hizi kwangu ni kazi. Yule mwalimu wa shule ya msingi alisikia kwamba Ulaya watu wakinywa kitu hiki wanaona maono. Akakaa ameuelekea ukuta, akanywa kimya, akangoja. Tulipomuuliza ameona nini akasema anamwona mwalimu mkuu. Tukafurahi sana kwamba dawa imeshika, kumbe mwalimu mkuu mwenyewe amesimama mlangoni. Dereva wa lori la mahindi alikuwa akilia kila anapokunywa, si kwa kelele, machozi tu yanashuka huku anazungumza mambo mengine. Alisema mdogo wake hakurudi kutoka vita vya Uganda, na ukungu ndio unaomruhusu kumkumbuka bila kifua kubana. Na Mzee Koinet, mfugaji wa Olbalbal, aliyezoea pombe ya asali ya kwao. Alionja mara ya kwanza akakunja uso wote. "Yeyo," alikuita, yaani mama kwa Kimasai, "hii yako iko na dawa ya ndama!" Lakini akarudi, na sukari ilipopotea madukani yeye ndiye aliyetuletea asali, tukawa tunapaka ukingoni mwa kikombe.

Mimi mwenyewe nitakuambia inavyokuwa, kwa sababu hukuniuliza kamwe. Kwanza uchungu unakaa nyuma ya ulimi. Kisha utamu wa shamari unakuja juu yake, ulimi unakufa ganzi kidogo. Kichwa hakilewi. Kichwa kinakuwa cheupe, unaona kila kitu kwa utulivu, ni miguu ndiyo inayolewa. Ubaya wake hauji jioni, unakuja asubuhi, unapotaka kushika kijiko cha uji na mkono hautaki kutulia.

Nilijifunza kwa kuonja. Hapo ndipo penye habari yote.

Rehema, kwetu huku anayeuza pombe anaonja kwanza mbele ya mnunuzi, ili kila mtu aone kwamba hakuna sumu. Kila mteja, kila kikombe kipya. Na lazima aonje aliyepika, au mtu wa damu yake. Bibi yako hakuruka hata mara moja. Wengine wanagusisha mdomo tu, yeye alimeza, kisha akafungua kinywa aonekane amemeza. "Kwangu hakufi mtu," alikuwa akisema, na kuanzia Oldeani mpaka Mbulumbulu jina la Mama Paulina likawa safi. Paulina ni mimi. Jina hilo lilikuwa letu wawili.

Mama, ulimeza mpaka macho yakawa ya njano. Tumbo likavimba, miguu ikavimba, na bado ulinyoosha mkono upewe kikombe cha mteja uonje. Zahanati walisema ini. Majirani walisema umerogwa na mpishi mwenzio. Mimi nilikuwa nimekushika kichwa, ninajua ni nini.

Baada ya arobaini yako nilitaka kuacha. Nilikuwa nimepanga nilime bustani ya vitunguu, niuze mnadani. Afande akaja, yule wa kituo tuliyemwita Mabuti, ambaye alikunywa kwako bure miaka yote. Akakaa kwenye kigoda chako. Alinipa pole vizuri tu, hata akavua kofia. Kisha akasema, "Mama Rehema, mtambo ukizimika, kesi inawaka." Akaniacha niielewe mwenyewe. Kupika gongo ni jela, na chumba ni cha shamba, neno lake moja kwa meneja linatosha kututoa nje na vyombo vyetu. Ningekwenda wapi? Singida naijua kwa masimulizi yako tu. Nimezaliwa katika mstari huu wa vyumba, na sijui hata njia ya kufikia kaburi la bibi yangu.

Basi nikapika. Nikaonja. Siku za mvua, ukungu wa kweli unapolala mpaka adhuhuri na magari hayaonekani barabarani, wateja wanajaa chumbani kwa kukosa pa kwenda, na mimi katikati yao ninaonja, ninaonja, ninaonja. Kuna siku nilitafuta mlango nikashika ukuta. Nilianza kuamka nikiwa naitaka kabla hata mteja hajabisha. Nikaanza kujionjea mwenyewe, bila mnunuzi. Nisamehe kwa kukuandikia hivi wazi, lakini wewe ungejua hata nisingeandika.

Kisha homa ikanilaza. Nilikuwa nimejifunika kitandani natetemeka, Mabuti akaja na wenzake wawili. Nikamwambia Rehema awaambie leo hakuna. Nikasikia sauti ya Mabuti, ya utani, "Mtoto si yupo? Damu ile ile. Aonje mtoto." Nilijaribu kuinuka. Mama, nilijaribu, naapa. Nilipofika penye pazia Rehema alikuwa ameshashusha kikombe. Akafungua kinywa waone amemeza, kama alivyokuona wewe ukifanya. Wakampigia makofi. Akanigeukia huku analamba asali mdomoni.

"Tamu, mama," akasema.

Sikulia. Nilirudi kitandani nikalala nimeangalia bati, na kwa mara ya kwanza tangu ufe nilikukasirikia. Nilikukasirikia sana. Kwa kumeza, kwa kufungua kinywa, kwa kulifanya jina letu zuri kiasi kwamba hakuna aliyeturuhusu kutoka.

Nilifikiri homa yote ile. Kukimbia siwezi, kukataa kupika siwezi. Nikaona kuna kitu kimoja tu ambacho hakuna askari anayeweza kunilazimisha, nacho ni kumeza.

Siku ya mnada chumba kilijaa. Mzee Koinet alikuwapo, ameuza madume yake, mwalimu alikuwapo, dereva, na Mabuti amekalia kigoda. Nikamimina vikombe, nikapaka asali, nikatia maji, vikageuka vyeupe. Nikavipanga mezani. Nikakunja mikono.

"Onja basi," Mabuti akasema.

"Leo sionji."

Walidhani natania. Mwalimu akacheka peke yake, akaacha. Mzee Koinet akaniangalia usoni kwa muda mrefu, kisha akakirudisha kikombe chake mezani taratibu, akachukua fimbo yake, akatoka bila kuaga. Mzee yule kutoka bila kuaga! Hapo wote wakaelewa, au wakadhani wameelewa. Walitoka wakisukumana mlangoni kama mbuzi waliosikia fisi. Mabuti alibaki na kikombe mkononi. Angenikamata, angeulizwa alikuwa anafanya nini humo. Angekunywa, angekufa. Ndivyo alivyoamini. Nikaona akijishika tumbo, kumbe anakumbuka alichokunywa wiki iliyopita. Alikwenda zahanati siku hiyo hiyo, wakamwambia hana kitu, akarudi tena kesho yake. Ngoja ngoja huumiza matumbo, mama, na la kwake liliuma mpaka akaomba uhamisho. Hakuna aliyeniletea kesi. Nani angekwenda mbele ya hakimu kusema alikuwa akinywa kwangu?

Sikuwadanganya. Sikusema neno sumu hata mara moja. Niliwaacha waseme wenyewe.

Na wamesema. Bombani ndoo zinasogezwa nikifika. Jirani ambaye ulimzalisha watoto wake, mwanamke wa Kimbulu, aliyekuwa akiomba kaa la moto kwangu kila jioni, sasa anapita mlangoni kwangu na kwenda kuomba mbali. Rehema hapewi chakula kwa watu, na akienda kucheza watoto wanaitwa ndani. Meneja hajanitoa chumbani, nadhani anaogopa kugusa vyombo vyangu. Nimetoka zizini nikaingia boma, mama. Nalima vitunguu, lakini hapa Karatu hakuna anayevinunua, navipeleka Mto wa Mbu ambako hawaijui sura yangu.

Hayo ningeyavumilia. Lakini hawakuishia kwangu.

Wanakusema wewe. Wanasema Bwana Koti hakufika kwao, alikufa kwa kikombe chako. Wanasema yule kibarua wa Dodoma aliyeanguka kutoka kwenye lori hakuanguka. Wamehesabu kila maiti iliyotoka mstari huu wakaiweka mlangoni kwako. Wewe, uliyekunywa kikombe cha kila mtu ili mtu yeyote asife! Nilimsikia mtoto akiimba jina lako bombani, Mama Paulina, Mama Paulina, na wenzake wanajifanya kuanguka na kufa. Niliweka ndoo chini nikakaa juu yake.

Wiki iliyopita Mzee Koinet alifika. Alikuja kwa mguu kutoka Olbalbal, na kibuyu cha asali, kwa heshima yako. Hakuingia ndani, alisimama nje na fimbo yake. Akasema, "Yeyo yako ilikuwa mtu mzuri. Mimi najua. Lakini mimi peke yangu iko kidogo." Amezungumza na wazee, na mwalimu, na wanawake wa mstari. Wamekubali. Kuna chupa yako moja ya mwisho, ile uliyoifukia mwenyewe chini ya kitanda kwa ajili ya harusi yangu. Niifukue. Nimimine mbele yao wote, nionje, nimeze, nifungue kinywa. Kikombe kimoja. Wakiona sifi, maneno yataisha, na wanawake watakwenda kufagia kaburi lako kama zamani.

Nilimpa maji, mama. Akayanywa. Nilitaka ujue hilo, kwamba yeye aliyanywa maji yangu bila kuniambia nionje kwanza, akanirudishia kikombe akaniangalia kwa huruma kama mtu anayeniomba kitu kidogo tu.

Na ni kidogo. Usiku huo nilikaa juu ya kitanda nikijua chupa iko chini yangu, na mdomo wangu ukajaa mate. Si kwa ajili yako. Hapo ndipo nilipojijua. Nilikuwa nikisema, kwa ajili ya mama, kwa ajili ya mama, na ulimi wangu wenyewe ulikuwa unangoja. Nikimeza kimoja kusafisha jina lako, sitaishia hapo, na wewe unajua hivyo kwa sababu wewe hukuishia hapo. Rehema alikuwa amelala na mguu wake juu ya tumbo langu.

Asubuhi niliifukua chupa, nikamkuta Mzee Koinet bado yuko Karatu, nikampa aende nayo. Nikamwambia awaambie wazee kwamba nashukuru, na kwamba sitakuja.

Kwa hiyo kaburi lako nitalifagia mimi na Rehema tu. Tutalifagia vizuri. Nitamwambia kila siku bibi yake alikuwa nani, na mtu akiniuliza, nitamjibu mpaka koo likauke kwamba Mama Paulina hakuua mtu, ila mmoja, naye alikuwa yeye mwenyewe. Kama hawataamini, hawataamini.

Lala salama, mama yangu. Ulinipa kila kitu ulichokuwa nacho, na nimebaki na vingi. Lakini nakuahidi hili, na usinune: sitaonja tena. Hata kwa ajili yako.

Mwanao,
Paulina