Kombe la Usafi Lenye Jina Langu

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako upesi, maana moyo wangu umechoka na daktari ameacha kunitajia miezi, sasa ananitajia wiki, nami sina kinyongo naye kwani chumvi nimekula ya kutosha. Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na kila Ijumaa nilipita mstarini nikikagua kucha na kola, msafi kuliko wote nikampa kombe, mwenye kola nyeusi nikamrudisha nyumbani akafue, ndiyo maana waliniita Mwalimu Kola wakidhani sijui. Sasa shule imenunua kombe jipya lenye jina langu, nami natakiwa kulikabidhi Ijumaa ijayo, na nilikuwa na furaha ya bwana harusi mpaka mjukuu wangu wa kidato cha pili aliponisomea kazi yake ya shule. Aliwauliza wenzake arobaini kwa nini watoto wa bondeni huumwa matumbo na upele kuliko wa mlimani, na thelathini na mmoja wakajibu kwamba watu wa bondeni hawapendi usafi. Mmoja aliongeza kuwa bibi yake alifundishwa hivyo na Mwalimu Kola.

"Babu, mlimani kila nyumba ina bomba," akaniambia. "Bondeni nyumba sitini zina bomba moja, tena maji hutoka asubuhi tu. Enzi zako je?"

"Mlimani mabomba yalikuwepo. Bondeni hata hilo moja halikuwepo."

"Basi kombe ulikuwa unalitunuku bomba, si mtoto."

Nikaomba chai.

"Unakwepa, babu."

Kweli nakwepa, kwa sababu yupo binti wa bondeni niliyemrudisha akafue mara tatu kwa mwezi mmoja, ya tatu hakurudi tena, nami sikumfuata. Je, nikabidhi kombe nife na heshima yangu, au niseme ukweli niwaharibie sherehe?

Mwalimu Mstaafu

Mwalimu, shikamoo. Pole kwa moyo, hongera kwa mjukuu.

Sasa niruhusu nikugombeze. Yule binti ulimrudisha akafue kwa maji gani? Na unahofia sherehe, wakati vijana thelathini na mmoja tayari wanaamini jirani yao anaumwa kwa kupenda? Kesho hao ndio wauguzi na madiwani. Nani kati yao atahangaikia bomba la pili?

Sabuni uliyoihubiri haikuwa kosa, usijitese kwa hiyo. Kosa lilikuwa kuwaaibisha wasio na maji ya kuitoa povu.

Nenda Ijumaa. Zungumza umekaa, dakika tano, bila kulia, maana ukilia watakuonea huruma na kusahau ulichosema. Kombe usimpe mtu. Sema litakaa ofisini mpaka bondeni kuwe na maji ya kutosha. Wazazi waandike barua kwa ofisi ya maji hapohapo, na sahihi ya kwanza iwe yako. Binti yule ni mama mtu mzima sasa. Mtafute leo, umwombe radhi kabla hujawaomba wengine.

Ukiishiwa pumzi, mpe mjukuu wako kipaza sauti. Atakugombeza vizuri kuliko mimi.