Viatu vya Sanduku la Bi Harusi

Mume wangu Abdulswamad,

Salamu nakupa kwa kuwa ni sunna, si kwa kuwa nina hamu nawe. Mama yako hajambo, mguu umepungua uvimbe.

Uliniambia mpwa wako Msabaha anaoa Mapinga, nichague viatu vya kutia kwenye sanduku la bi harusi. “Chagua kama unajichagulia,” ukasema. Nikazunguka Bagamoyo nzima, nikapata vya rangi ya dhahabu, kisigino cha wastani, ngozi laini. Nilivijaribu mwenyewe dukani, nikaona wivu. Harusi yetu nilivaa vya kuazima kwa dada yako, vikanibana hadi nikachechemea mbele za watu.

Jana nikampelekea huyo huyo dada yako, Zuwena, avitie sandukuni. Akashindwa kunitazama. “Wifi, nisamehe. Msabaha haoi. Anayeoa ni kaka.”

Nilivirudisha kwenye boksi lake, nikaondoka navyo. Sanduku lako litafika Mapinga bila viatu, utajua mwenyewe la kuwaambia wakweo.

Leo nimevivaa mimi, naenda navyo kwa kadhi kudai talaka yangu. Havinibani hata kidogo.

Mwanamvua binti Mwinyijuma