Pale Ulipokuwa Ukienda Jikoni

Mama,

Bon, nianze na habari za nyumba. Kiti chako bado kiko mbele ya televisheni, na hakuna aliyekikalia tangu tulipokuzika. Sikumkataza mtu. Wamama wa kanisa wanaingia Jumapili baada ya ibada, wanavua viatu mlangoni, wanakipita. Mama Neema anaweka kikombe cha chai mbele ya hicho kiti, chai inapoa, anaosha kikombe anaenda kwake. Nimemwambia aache, ananiogopesha. Anasema, "Tulia weye."

Wanataka filamu. Ile yako ya Wainuit, wale watu wa barafu wa kaskazini mwa Kanada, waliyoitengeneza wenyewe kwa lugha yao ili watoto wao waione. Hapa Black Rock, upande huu wa mpaka, tunaiona Kanada ng'ambo ya mto, basi wewe ukawaita majirani. Nilikucheka sana. Nusu saa nzima mzee anapasua sili, yule mnyama wa bahari ya barafu, nani anakaa kuangalia kitu kama hicho? Ukanijibu, "Hawa hawaelezee muzungu kitu. Wanaishi tu. Sisi kila ofisi ni kujieleza." Na kweli, wiki ile ile tulikuwa tumejieleza kwenye ofisi tatu za wakimbizi.

Maandishi ya Kiingereza ulikataa yasiwashwe, eti yanaziba mikono ya watu. Ukawa unatafsiri mwenyewe, wewe usiyejua hata neno moja la lugha yao! "Anasema ngojeni iive, hamuko wageni." "Anasema huyu kijana ni mvivu, nani atamupa binti yake?" Wamama wanaitika eeh, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Nikakuambia unadanganya watu wa Mungu, ukanitupia kitambaa cha meza.

Ila kulikuwa na mahali pamoja. Yule bibi anashona kiatu cha ngozi, anaacha, anainua uso na kutazama mbele moja kwa moja, kama mtu aliyesimama kwenye dirisha letu. Anasema maneno machache. Hapo kila mara uliinuka ukaenda jikoni, tukasikia bomba linamwaga maji. Bibi akiinamisha uso tu, wewe huyo umerudi, wala hukuwa umechungulia. Nilifikiri inatokea tu hivyo.

Sasa wamama wameniomba nishike nafasi yako. Jumamosi mchana, niko peke yangu, nikawasha yale maandishi nijiandae. Mama, sikia. "Subirini iive, ninyi si wageni." Imeandikwa hivyo! Kijana mvivu, naye yupo, na binti asiyepewa. Sauti yako ilitangulia kichwani mwangu na maandishi yakafuata. Nikazima televisheni. Nikawasha taa zote, na nje jua lilikuwa bado linawaka. Halafu nikarudia.

Nikafika kwa bibi. Akainua uso, na masikio yangu yakawa yanangoja bomba la jikoni. Maandishi yakatokea: "Nilikuwa na mgongo mmoja na watoto wawili. Nikambeba aliyekuwa bado analia."

Nani alikuambia kwamba atasema hivyo, Mama?

Kwetu milimani pacha wa kwanza ni Bukuru, wa pili ni Butoyi. Kila mtu wa kwetu akisikia naitwa Butoyi huuliza Bukuru yuko wapi, na wewe ulikuwa ukijibu, "Alibaki," kisha ukaanza habari nyingine. Mimi niliambiwa homa ilimuua. Miaka yote, homa. Nilikukasirikia, acha niseme ukweli. Nilikaa sakafuni nikakugombeza kwa sauti, picha imesimama, bibi ananitazama, kiti chako hapo pembeni.

Donc, basi, Jumapili wakaja. Nilipanga kufanya kama wewe, tukifika pale niende jikoni. Tukafika. Sikuinuka. Nikafungua mdomo nikatafsiri, na sauti iliyotoka haikuwa yangu, ilikuwa yako, ile ya asubuhi kabla hujanywa chai. Hakuna aliyeitika eeh. Wote waligeukia kiti.

Mama Neema ndiye aliyesema. "Tulikuwa nyuma ya mama yako njiani, siku ile ya kukimbia, Butoyi. Miaka yote tunakuja hapa kungoja aseme." Akanieleza kwamba Bukuru alikuwa amenyamaza tangu alfajiri, ila alikuwa anapumua. Kwamba ulimfunika kitenge chako kizuri. Kwamba ulirudi mara mbili, na mara zote mbili ukavutwa mkono. Waliokuvuta ni wao, Mama, hao hao wamama wa Jumapili. Walilia, mimi nikalia nao, na filamu ikaendelea mpaka mwisho bila mtafsiri.

Hasira imeniisha. Nilitaka ujue hilo kwanza. Nakuahidi hapo hatutaparuka tena. Nitapasema kila watakapokuja, na mtu akiniuliza Bukuru yuko wapi, nitamweleza yote, hata lile la kitenge.

Kwaheri, mama yangu. Kama bado unakuja kukaa kwenye kile kiti, na mimi nadhani unakuja, usikawie tena kwetu. Nenda kamtafute. Mgongo wako sasa hauna mtu. Mbebe yeye. Mimi nimeshajua kutembea.

Mwanao,
Butoyi