Kabla ya Jua la Ijumaa

Nyakoe,
Jumanne.

Dada mpendwa Apiyo,

Niwie radhi kwa kimya changu kirefu. Si ugonjwa ulionizuia kuandika, bali nilikosa neno ambalo ningeweza kulisimamia. Natumaini magoti yako yamepata nafuu na kwamba mvua ya Kendu haikuharibu mtama wako. Sisi tu wazima wa mwili. Akumu anakusalimu, ingawa siku hizi mimi mumewe hunisemesha kwa nadra.

Unajua kwamba mwanetu Dancun alikuwa akifanya kazi kule Tabaka kwa mfanyabiashara wa vinyago vya mawe, akivifunga kwa majani makavu ya migomba kabla havijapakiwa. Labda hukusikia jinsi kazi hiyo ilivyokwisha. Ijumaa moja lori lilichelewa, jua likakaribia kutua na shehena ikiwa nusu. Alinipigia simu kuuliza afanye nini. Nilimjibu kwamba Sabato ikiingia aache alichoshika, kwa kuwa Mungu anayetawala mbingu na nchi hashindwi kulinda mawe. Akaacha. Wenzake walimalizia kwa pupa, bila majani ya kutosha, na vinyago vingi vikafika Nairobi vimevunjika. Lawama zote zilimwangukia yeye, akafutwa.

Tangu hapo anachuna chai ya watu, siku ikipatikana. Nyanchama mkewe alivumilia, kisha akarudi kwao Ekerenyo pamoja na watoto. Aliniaga kwa heshima zote, akasema kwamba Mungu wetu anaijua Jumamosi vizuri sana, ila siku nyingine zote amemwachia yeye. Sikumkemea.

Juzi Dancun alikuja hapa. Yule mfanyabiashara anamtaka tena, mradi akubali kufanya kazi Jumamosi, na anataka jibu Ijumaa. Nyanchama naye amesema atarudi kazi ikipatikana. Nilianza kumweleza, kama nilivyowaeleza wengi kanisani, kwamba kutii ni kwetu na matokeo ni ya Mungu. Alinikatiza kwa upole. Alisema analijua hilo tangu utotoni na hakuja kufundishwa. Mara ya kwanza, alisema, tulitii wawili lakini akafukuzwa mmoja; sasa nitamke mwenyewe, aende au asiende, naye atafanya nitakavyosema. Akumu, aliyekuwa akichambua mboga, aliniuliza kama mimi, mzee wa kanisa, nimepotewa na sauti.

Apiyo, bado naamini kwamba hakuna litokealo nje ya mapenzi ya Mungu. Imani hiyo ndiyo inayonilemea. Ikiwa ni yeye aliyelichelewesha lori na kumwacha Nyanchama aondoke, nitamshtakia nani? Zamani neno hilo lilinipa usingizi.

Nikwambie nisilomwambia mtu. Tangu Dancun aondoke, kila nipigapo magoti naomba kazi ile apewe mtu mwingine. Naomba mwanangu aikose, ili mimi nisilazimike kujibu. Kisha nainuka na kutayarisha somo la Sabato.

Wasalimie wote nyumbani, na uniombee, maana mimi siamini tena ninachokiomba. Dancun atarudi Ijumaa mchana. Nikishaamua nitakuandikia, hata ikiwa ni kukuambia tu kwamba jua lilitua nikiwa sijatamka neno.

Kaka yako,
Otiende.