Sekunde Kumi za Mama

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo kiwandani, kwenye meza yako ya kukatia vitambaa, zikukute mzima na mkasi wako ukiwa bado mkali kama ulimi wako. Kama mafua yamekushika, kama kawaida yako kila vumbi la pamba likizidi, basi pole sana, na unywe kitu cha moto kabla hujaendelea kusoma. Sisi huku hatujambo. Shemeji yako bado anawatengenezea watu milango huku mlango wetu wa jikoni ukifungwa kwa kamba. Binti yangu amejua kuandika, na maneno ya kwanza aliyoyaandika ukutani ni “mama mkubwa”, kisha akakuchora ukiwa na miguu mitatu. Nilimuuliza wa tatu ni wa nini, akasema ni wa kuja nao haraka. Nilishindwa kumgombeza.

Mama naye ni mzima. Habari zake ziko mbele, maana ndizo zilizonikalisha niandike.

Kazini kwangu, mimi Waya wako kama unavyopenda kuniita, kuna pilikapilika. Ile mashine kubwa ya kituo cha simu, uliyoiita jokofu siku uliponitembelea, itaondolewa mwezi ujao iletwe mpya. Mkuu wetu, tunayemwita Bwana Kimya Kimya kwa sababu hutokea nyuma yako bila viatu vyake kusikika, ameniagiza niandike kijitabu cha kuwaeleza mafundi wapya jinsi mitambo hii inavyofanya kazi. Nilifurahi, nikanunua hata kalamu mpya. Sasa ni wiki ya pili nimekwama ukurasa wa nne, na ili ujue kwa nini, nivumilie nikupitishe kwanza kurasa tatu za mwanzo. Wewe ulinifundisha kushona kifungo, leo ni zamu yangu.

Waya kati ya mji wetu na mji wako ni mmoja, na kila kitu kinapita humo: simu za watu, picha za hospitali, mafaili ya maofisi. Vitu hivi havifanani hata kidogo. Sauti inatiririka kidogo kidogo bila kukoma. Faili linakuja lote kwa pamoja kama gunia lililopasuka, kisha kimya. Ili visigombane, mashine inakata kila kitu vipande vya kipimo kimoja, baiti, yaani chembe za habari, arobaini na nane za mzigo na tano za anwani, iwe ni umbea wa mashoga wawili au picha ya mguu uliovunjika. Sisi tunaviita vipakiti. Kipakiti cha mwisho cha faili kisipojaa, tunakijazia sifuri mpaka kitimie, kwa sababu mashine haipokei kilichopungua. Upande wa pili mashine nyingine inabandua anwani, inatupa sifuri, inaunganisha vipande, na mtu anamsikia mwenzake bila kujua kwamba alikatwakatwa njiani.

Ujuzi wenyewe uko katika kuiambia mashine kila mzigo ni wa daraja gani. Sauti ina daraja lake: vipakiti vyake vinapita mbele, havisubiri, na kimoja kikipotea hakuna anayekirudia, maana sikio la mtu halishtukii kipande kidogo namna hiyo. Faili lina daraja jingine. Huko ukiweka nafasi kubwa ya foleni hakitupwi kitu, njia ikijaa vipakiti vinasubiri, kwa kuwa faili halina haraka, ila likikosa kipande kimoja limeharibika lote. Hapo ndipo ukurasa wa nne unapoanzia. Niliandika kwamba sauti ni afadhali ipotee kidogo kuliko ichelewe, na baada ya hapo mkono ukagoma.

Unaikumbuka simu yako ya mwaka jana. Ulikuwa na miezi mitatu tangu uondoke nyumbani, na jinsi ulivyoondoka tunajua wote. Mama alitaka ubaki urithi cherehani na wateja wake. Ukamwambia huwezi kuzeeka ukipinda sketi za majirani, naye akakujibu kwamba ukitoka usirudi kumwomba hata sindano. Naamini kila mmoja alijuta kabla basi halijaondoka, lakini nyinyi wawili mna shingo moja, hakuna anayekubali kuwa wa kwanza kushuka. Ulipoandika kwamba unataka kuzungumza naye, nilimleta kituoni nikamkalisha kwenye kiti changu chenye magurudumu. Alishika meza kwa mkono mmoja muda wote, eti kisije kikaondoka naye.

Mlisalimiana vizuri. Kisha ukamwomba radhi, ukauliza kama unaweza kuja nyumbani likizo. Baada ya muda mfupi simu ikakatika. Mama alibaki ameshika mkono wa simu, akaniambia umemkatia katikati ya maneno. Wiki moja baadaye nikapata barua yako ya mistari sita. Uliniambia kwamba ulimwomba Mama msamaha akanyamaza kama ukuta, kwamba uliita mara mbili, ukahesabu moyoni mpaka kumi, na kwamba wewe huombi mara mbili. Tangu siku hiyo ni mwaka na miezi minne. Mama hataki utajwe mezani, lakini kila Jumamosi anabadilisha shuka za kitanda chako.

Dada, Mama hakunyamaza. Nilikuwa nimesimama karibu naye, nikamsikia kwa masikio yangu. Aliyemnyamazisha ni mimi.

Asubuhi ya siku ile, kabla hajafika, niliwaza kwamba haya ni maneno ya mama yangu na sitaki hata kipande kimoja kipotee. Nikafungua mpangilio wa mashine, nikaitoa simu ya mezani kwangu kwenye daraja la sauti, nikaiweka kwenye daraja la mafaili, nikaipa na nafasi kubwa ya foleni ili kisitupwe kitu. Hata anayejifunza kazi asingefanya hivyo. Nilifanya mimi, mwenye miaka tisa kazini, kwa sababu ya mapenzi. Wakati wa salamu njia ilikuwa tupu, kila kitu kikapita. Ilipogonga saa kumi hospitali ikaanza kutuma picha zake za siku nzima, kama inavyofanya kila siku, na maneno ya Mama yakapanga foleni nyuma ya mifupa ya watu. Sauti yako ilikuja vizuri kwa sababu fundi wa huko kwenu aliiacha kwenye daraja lake. Mama alikuwa anakujibu muda wote ule uliokuwa ukihesabu, tena huku analia, na unajua Mama akilia hasikii la mtu, ndiyo maana hakukusikia ulipomwita. Ulipoweka simu chini, jibu lake lilikuwa bado ndani ya mashine, zima, halijapungua hata kipande.

Nililigundua hili siku nilipoisoma barua yako. Nilikwenda kuangalia, nikaukuta mpangilio wangu uko vile vile, nikaurudisha haraka haraka kabla hajatokea mtu. Kubadilisha daraja bila idhini ni kosa la kufukuzwa, na niliogopa. Nikajiambia nitasema wiki ijayo. Wiki hiyo ilipofika nikaogopa mtanichukia wote wawili, na kadiri miezi ilivyosogea aibu ya kukaa kimya ikawa kubwa kuliko ya kosa lenyewe. Nimemwona Mama akikonda, nimesoma salamu zako fupi za sikukuu, na nimekula chakula chake nikijua. Nimekukosea, dada yangu. Nimetafuta maneno mazuri zaidi ya hayo sikuyapata.

Jumapili nilimwambia Mama. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, hakuinua macho mpaka uzi ulipoingia. Kisha akaniuliza kama nina hakika kwamba hukumkatia. Nikasema nina hakika. Akaniita mjinga, mara moja tu, kwa sauti ya chini, akanivuta kichwa akakilaza mapajani pake, na tukalia mpaka shemeji yako akaja mbio akidhani kumetokea msiba. Bwana Kimya Kimya naye nimemwambia jana. Alisema adhabu yangu atanijulisha Jumatatu, na kwamba ukurasa wa nne niumalize kwa mfano huu huu. Liwalo na liwe, nimechoka kuubeba.

Nilitaka nikuandikie hapa alichokujibu Mama siku ile, maana nakikumbuka neno kwa neno. Amenikataza. Amesema maneno yake yalishapita mikononi mwangu mara moja na inatosha. Simu nayo ameikataa, hataki hata kuisikia.

Kwa hiyo barua hii haikuja kwa posta. Bawabu aliyekukabidhi ameombwa asikueleze kitu mpaka umalize kuisoma. Mama amekaa kwenye benchi nje ya geti la kiwanda chenu. Ametoka huku alfajiri na goti lake lile bovu. Alitaka usome kwanza bila kumwona, ili ukitoka utoke kwa moyo wako. Basi la kurudi linaondoka saa kumi na moja jioni, na amesema usipotokea atapanda, wala hatakulaumu. Mimi namjua, hatapanda.

Wasalimie wenzako wa mezani, uwaombe wakushikie mkasi. Shemeji yako anakusalimu sana, na binti yangu anasema mama mkubwa aje. Mimi mezani kwangu kuna simu, nami nitakaa karibu nayo leo mchana kutwa, ukitaka kunitukana nitapokea, na usipopiga nitaelewa. Ila hilo ni la baadaye. Sasa kunja karatasi hii uende, Mama anasubiri kukujibu.

Ni mimi mdogo wako, niliyekukosea na ninayekupenda,

Waya